Bibi wa Kwenye Machela

Mimi ni mtu wa mkeka na chai ya tangawizi. Kazi ya gari la wagonjwa niliipata kwa kuwa nilimaliza sekundaria na damu hainitishi. Hakuna aliyeniuliza kama napenda kutoka nyumbani. Na miaka ile gesi ilipoonekana, kutoka kulikuwa adhabu. Gari letu lilikuwa jeupe, na kila gari jeupe watu walijua ni la kampuni ya gesi. Ukisimama kupakia mgonjwa, vijana wanakupenyezea vyeti vya shule dirishani, wanaomba kazi.

Adhuhuri moja tuliitwa kijiji kimoja huku kwetu, kusini mwa mji wa Palma. Simu ilisema kuna mgonjwa, basi. Tulikuta ua umejaa majirani na wenye vyeti. Akatolewa bibi mmoja, kashikwa huku na huku, anaugua mpaka mbuzi wamekimbia. Nyuma yake mke wa mwanawe, msichana aliyejigubika kanga mbili, kabeba furushi. Nikamlaza bibi kwenye machela, msichana akaketi kwenye benchi, dereva akaondoa gari.

Nikapima presha ya bibi. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikamuuliza panauma wapi: tumbo, halafu mgongo, halafu magoti. Nilichoka naye kabla hatujafika barabara kuu. Msichana alikuwa anauma pindo la kanga na kung'ang'ania chuma cha dirisha, nami nikamgombeza: dada, acha dirisha, mshike bibi yako mkono.

Mbele, mtu wa bendera nyekundu akatusimamisha ili malori ya gesi yapite. Dereva akamweleza tuna mgonjwa; akajibu kwamba na yeye ana amri. Malori hayakwisha. Ndipo nikaona maji sakafuni. Nikauliza kwa ukali nani kamwaga dumu langu la maji ya kunywa.

Bibi akaketi, mzima kabisa.

"Mjukuu wangu, hilo si dumu. Anayezaa ni huyo unayemgombeza."

"Na wewe je?"

"Mimi sina kitu. Ulitaka atoke analia mbele ya kijiji kizima, macho yao yamfunge mtoto tumboni? Wewe si wa hapa?"

Ni wa hapa. Nilizaliwa hivyohivyo, kwa siri, mama yangu kawaambia watu anakwenda shamba. Nilimshusha bibi, nikampandisha msichana, nikavaa glavu. Kichwa kilikuwa tayari kinaonekana, na kitovu kimezunguka shingo. Nikakipitisha juu ya kichwa kwa kidole. Mtoto akatoka wa buluu, kimya. Nikamfuta pua na mdomo, nikamsugua mgongo kwa kanga, nikamsugua tena. Msichana alinitazama tu mikono.

Mtoto akapiga chafya, halafu akalia. Bibi akapiga vigelegele mpaka yule wa bendera akaja kuchungulia, akafukuzwa kwa matusi.

Tulipokwenda tena, nikamwambia bibi kwa hasira kwamba siku nyingine aniambie mapema, hata kwa kunikonyeza.

"Nilikukonyeza tangu mlangoni," akasema.

Dereva alicheka hadi hospitali. Ni kweli bibi alinikonyeza, tena mara nyingi. Nilidhani ni kiharusi kinaanza.