Kocha wa Wapagazi wa Naro Moru

Mwalimu Simiyu tulimfukuza sisi wenyewe, na mpaka leo nikiwaona wale wazee wa kamati ya timu damu inanichemka. Mwenyekiti wao alikuwa bwana wangu, Moffat. Kwa hivyo ninajua ninachosema.

Simiyu alitoka Bungoma. Alipokuwa chuo cha ualimu, mwaka wa sitini na mbili, watu walikuwa wakifunga maduka waende kumwona akicheza namba tisa. Goti likavunjika, mpira ukaisha, Serikali ikamleta Naro Moru kufundisha darasa la nne. Hapo akawaona vijana wetu, wapagazi wanaobebea wageni mizigo mlimani. Akasema, "Mtu anayefikisha gunia kwenye barafu atashindwa kukimbia dakika tisini?" Akawafundisha kila jioni, kwenye baridi ile, yeye mwenyewe akichechemea. Akatufikisha fainali ya mkoa, sisi ambao hata wavu hatukuwa nao!

Wiki ya fainali kamati ikakutana kwangu. Na chai niliwapikia mimi!

"Kombe haliwezi kushikwa na mtu wa kuja," Moffat akasema. Ati timu apewe shemeji yake Peterson, ambaye hajawahi kupiga teke hata chungwa.

"Baba Ngendo, huna haya?" nikamwuliza mbele ya wote.

"Mama Ngendo, mambo ya mpira tuachie wanaume."

Vijana walitaka kugoma. Simiyu akawakataza: "Chezeni. Mzigo hautupwi katikati ya mlima." Wakacheza, wakafungwa tatu bila, maana Peterson aliwapanga ovyo ovyo. Na lawama ikaenda kwa nani? Kwa Simiyu! Ati ameloga timu. Ngai! Asante ya punda kweli ni mateke. Akaomba uhamisho, akaenda Kerugoya.

Mwaka uliofuata Kerugoya wakaja kucheza kwetu, kocha wao Simiyu. Kerugoya wakafunga bao la kwanza, wazee wa kamati wakaanza kulaumiana. La pili, watu wakaanza kwenda nyumbani. La tatu lilipoingia nikasimama pale kwenye viti vya wakubwa, nikapiga vigelegele. Moffat akanivuta nguo nikae. Sikukaa. Nilipiga mpaka vikatimia vitano, vile tunavyompigia mtoto wa kiume akizaliwa kwetu.