Fundi na Ahadi ya Daktari

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi tu, maana nusu ya wanafunzi wa shule tatu za jirani walivaa sare alizoshona yeye, na mapindo yake hayakufumuka hata mtoto akiburutwa kwenye changarawe. Kibanda chake kilitosha cherehani, meza ya kukatia na kiti kimoja cha mteja. Mteja wa pili alisimama mlangoni.

Binti yake alipokuwa na miaka minne alipewa na mwenzake biskuti ya karanga. Kabla Fundi hajamaliza kumuuliza kwa nini anajikuna, midomo ilishavimba na pumzi imeanza kupiga mluzi. Wakawahi hospitali kwa bahati tu. Hapo ndipo alipolisikia neno mzio: mwili wa mtoto uliiona karanga kama adui, na katika kupigana nayo ukamuumiza mtoto mwenyewe. Tangu siku ile Fundi alisoma maandishi ya kila pakiti dukani kama mtu anayesoma hukumu yake.

Mwaka uliofuata daktari mmoja wa watoto akaanzisha utafiti katika hospitali hiyo hiyo. Watoto wenye mzio wangepewa unga wa karanga uliopimwa kwenye mizani, mwanzoni kidogo kuliko chembe ya chumvi, kila siku, ukiongezwa taratibu mbele ya nesi mpaka mwili uzoee. Fundi aliogopa. Akauliza maswali asubuhi nzima, kisha akamwandikisha binti yake, wa kwanza kabisa.

Daktari aliona amepata mtu wa kumsaidia. "Mama, mimi nikiongea, wazazi wanaona koti jeupe," alimwambia. "Wewe wanaona mzazi mwenzao. Nisaidie."

Akamfundisha dalili zote, na namna ya kuchoma paja kwa sindano ya dharura. Fundi akaanza kuzunguka shuleni, sare kwapani na sindano ya mazoezi mkononi. Mwalimu mkuu mmoja alimcheka: "Karanga? Sisi tumezila tangu utoto, mbona hatujafa?"

"Waliokufa hawapo hapa kukujibu, Mwalimu," alisema Fundi. Siku hiyo walimu wote walishika sindano.

Familia sita alizishawishi yeye kuingia kwenye utafiti. Tano hazikumpa shida. Ya sita ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, ambaye binti yake, Kidosho, alikuwa na mzio ule ule.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," wifi alisema. "Leo unaniambia nimpe mwanangu nyoka mwenyewe, kwa kijiko!"

Fundi alikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu wifi akauliza swali moja tu: "Na wakimaliza utafiti wao? Watoto wetu watabaki na nani?"

Fundi akalipeleka swali hilo kwa daktari. Daktari alivua miwani, akamtazama usoni. "Dozi hazitakatika. Hawa ni watoto wangu." Fundi akarudi na maneno hayo kama alivyoyapokea, bila kupunguza wala kuongeza. Wifi akatia sahihi.

Miaka miwili ikapita. Binti wa Fundi akafika mahali pa kula karanga tatu nzima bila hata kupiga chafya. Kidosho naye akamfuata. Kwenye mikutano daktari alimtaja Fundi kuwa nguzo ya utafiti, naye akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Hakujua kuwa amevikwa kilemba cha ukoka.

Jumanne moja alifika kliniki na binti yake kuchukua dozi za wiki. Nesi alikuwa anafunga mizani kwa gazeti na kuipanga kwenye boksi.

"Mnahama chumba?"

Nesi alisimama wima. "Fundi, hujaambiwa? Utafiti ulifungwa Ijumaa."

"Na dozi?"

Nesi aliweka gazeti chini. Alitoa faili la binti, akafungua ile fomu ya ridhaa ambayo Fundi aliitia sahihi, ukurasa wa saba. Fundi hakuwahi kuusoma ukurasa huo. Daktari alikuwa amemwambia kuwa kurasa za baada ya wa tatu ni lugha ya ofisini tu. Uliandikwa wazi kabisa: dozi zitakoma siku utafiti utakapofungwa. Na tarehe ya kufungwa ilikuwepo chini yake, imechapwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo siku ile daktari alipovua miwani alikuwa anajua.

"Nikinunua karanga mwenyewe nikapima nyumbani?" Fundi aliuliza.

"Usithubutu. Bila mizani hii na bila mtu wa kumwangalia, unaweza kumuua. Aache, na ajihadhari na karanga kama zamani. Mwili husahau haraka."

Njiani binti alimvuta kanga. "Mama, kwani nimefeli?"

Fundi aliinama mbele yake. Alimbeba mgongoni, ingawa alikuwa na miaka saba na miguu ilikuwa inaning'inia.

Alizunguka nyumba zote sita siku mbili. Waliolia walilia, waliomtukana daktari walimtukana. Kwa wifi alifika mwisho. Alieleza yote, akimlaani daktari kila baada ya sentensi. Wifi alimsikiliza huku akichambua mchele, bila kuinua kichwa.

"Daktari mimi simjui," alisema hatimaye. "Nakujua wewe."

Akaendelea kuchambua.

Wiki saba baadaye Kidosho alikula keki yenye karanga darasani. Alikuwa amezoea kuambiwa kuwa kidogo hakimdhuru, na makatazo mapya yalikuwa hayajamwingia. Mwalimu wake, mmoja wa wale walioshika sindano siku ile, alimchoma paja hapo hapo na kumkimbiza hospitali. Alipona. Fundi alipokwenda kumwona, wifi alimpokea mlangoni, akamwambia mtoto amelala, na hakumkaribisha ndani.

Mwezi huo huo Fundi akaitwa kwenye mkutano wa matokeo. Ukumbi ulijaa, daktari yuko mbele, ameletwa kutoka kituo chake kipya. Akaonyesha michoro: watoto wanane kati ya kila kumi wamefaulu. Makofi. Kisha akamkaribisha "mama yetu" atoe shukrani.

Fundi alishika kipaza sauti.

"Hao wanane mmewapima lini?"

Daktari akatabasamu. "Wiki ya mwisho ya dozi, Mama."

"Na leo, bila dozi, wangapi wanaweza kula karanga?"

"Huo utakuwa utafiti mwingine."

"Uliniambia hazitakatika."

"Nilisema tutajitahidi, Mama. Labda hukunielewa."

Alisema kwa upole, mbele ya watu wote, kama anayemsahihishia mtoto daftari. Fundi alirudisha kipaza sauti, akatoka. Nesi alimfuata hadi getini, wakasimama pamoja.

Binti sasa ana miaka kumi, na anasoma pakiti mwenyewe kabla ya kufungua. Fundi bado anakwenda shuleni kufundisha, kwa sababu mwalimu aliyejua kushika sindano ndiye aliyemwokoa Kidosho. Walimu wakimuuliza kama kuna tiba, huwaambia ipo, aliiona ikifanya kazi kwa macho yake, ila hapa wameifunga. Mzazi akimletea fomu yoyote, huiweka juu ya meza ya kukatia na kuisoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, mteja mwingine asubiri.

Sare za Kidosho bado anazishona yeye. Lakini mtoto huletwa na jirani kupimwa, na wifi hajakanyaga kibandani tena.