Picha Iliyobaki kwa Marehemu

Shughuli nzima ilitugharimu shilingi elfu sitini na moja na mia tano. Nimehesabu mara mbili. Humo mna muda wa kompyuta, soda za kikao, CD za kubebea picha, na nauli ya mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuja akijua kabisa hana ya kurudia. Tulikuwa tisa, kwa hiyo kila mmoja ilimwangukia chini ya elfu saba. Kwa Kariakoo ya wakati ule hiyo ni suruali ya mtumba, tena ya kuvutana. Nikasema moyoni, kazi ya maana kwa bei ya suruali, tumepata. Kumbe hicho kilikuwa kianzio tu.

Nilikuwa na kibanda cha vifungo na zipu. Juu ya ghorofa la jirani kulikuwa na duka la intaneti la familia moja ya Kihindi, na mzee mwenye duka alikaa mlangoni chini ya saa ya ukutani. Ukizidisha dakika mbili anakudai nusu saa. Jioni nikishafunga nilipanda pale kuandika blogu yangu: leo doti ya khanga inaenda bei gani, nani anauza zipu ya Kichina kwa bei ya Kijapani. Wasomaji wangu walikuwa wachache lakini wabishi. Pale juu ndipo nilipofahamiana na wanablogu wengine. Binti mmoja aliandika mitindo ya nywele. Mwalimu mstaafu aliandika malalamiko. Na kulikuwa na kijana mmoja, karani wa wakala wa kutoa mizigo bandarini, aliyeandika mpira, na timu yake ikifungwa aliandika habari za mama yake wa Buguruni.

Miaka ile kila kitu kilikuwa na mnunuzi. Soko huria lilifika mpaka chini ya miguu yetu: mifuniko ya chuma ya chemba za maji taka iling'olewa ikauzwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu. Mtaani kwetu tuliweka tairi bovu juu ya shimo ili mgeni ajue. Mvua kubwa ikija, maji yanajaa barabarani, tairi linaelea, linaondoka zake.

Masika moja tairi liliondoka, na mtoto wa miaka mitano akatumbukia. Mama yake alikuwa anauza vitumbua pembeni ya kibanda changu. Nilikuwa nakunywa chai kwa vitumbua vyake kila asubuhi. Wanaume walikimbia kutafuta kamba. Yule binti wa nywele alikuwa akipita kununua rasta, na mkobani alikuwa na kamera. Akapiga picha moja, halafu akaanza kulia.

Kwenye picha mama amepiga magoti majini, kichwa wazi, mdomo wazi. Kichwa kiko wazi kwa sababu khanga aliyojitanda ameshaishusha shimoni, anamwambia mtoto aishike. Mgongoni kuna mtoto mwingine, wa kike, mchanga, amelala.

Kamba ilikuja. Mtoto alitolewa jioni, upande wa pili wa barabara.

Tulikutana wote tisa kule juu, mzee wa intaneti akatupa viti na kutuonya kwamba viti navyo vina muda. Tulikubaliana: picha moja, siku moja, blogu zote tisa, kila mtu aandike maneno yake chini yake. Asiyekubali picha ile aseme sasa. Mwalimu alisema bila ruhusa ya mama hagusi kitu. Basi tukasubiri arobaini ipite, mimi na binti wa nywele tukaenda. Mama aliishika picha muda mrefu, akamrudishia binti.

"Wekeni, shoga," aliniambia mimi. "Waione. Labda wataziba."

Tukaweka. Wasomaji walimiminika mpaka wa ughaibuni. Chini ya picha ya mwanamke anayemwita mwanawe shimoni, mtu wa kwanza aliandika kwamba leo yeye ndiye wa kwanza kutoa maoni. Wa pili alimpongeza. Waliofuata walilia, walilaani, waliombea. Gazeti moja likaichukua picha bila kutuuliza. Baada ya hapo mtaa wetu uliletewa mifuniko ya zege, ambayo haina bei kwa kilo. Mtaa wa pili haukuletewa, maana haukuwa na picha.

Miaka ikaenda. Blogu zikapoa, watu wakahamia kwenye simu. Nami kibanda kikawa fremu ya duka, vifungo vikawa vingi, wanunuzi wakawa walewale. Asubuhi moja yule mama akaja dukani bila beseni lake. Alisema yule wa mgongoni sasa yuko darasa la sita, na shangazi yake kamnunulia simu. Watoto wenzake wameshamwambia kwamba mama yake yuko kwenye mtandao. Bado hajaitafuta. Akaniomba niitoe picha kila mahali.

Nilimjibu kijinga kwamba ile picha ndiyo iliyoleta mifuniko.

"Mifuniko naiona, nakanyaga juu yake kila siku," alisema. "Lakini pale nilikuwa bado namwita, shoga. Nilikuwa bado najua ataitika. Sitaki mtu aniangalie vile, na huyu mtoto ndiyo kabisa."

Nilianza na yangu, siku ileile. Wa nywele alitoa yake kabla sijamaliza sentensi. Mwalimu alihitaji mjukuu wa kumfungulia. Mmoja alidai kasahau neno la siri, akalikumbuka baada ya chipsi kuku. Mwingine alinung'unika kwamba ile picha bado inamletea wageni, nikamwambia wageni wa namna hiyo miaka yote hawajanunua hata kifungo. Aliyekuwa mwanafunzi sasa ana ofisi yenye kiyoyozi. Aliniweka kwenye benchi la wageni asubuhi nzima, akaitoa kwa dakika moja. Nane zikatoka.

Ya tisa ni ya karani wa bandari. Yeye aliugua wiki moja tu, tukamzika. Blogu yake ipo vilevile, na neno la siri amekwenda nalo.

Niliwaandikia wenye mtambo unaohifadhi blogu zetu, huko ng'ambo. Walijibu kwamba ndugu wa marehemu akileta cheti cha kifo na sahihi yake, wataifunga blogu yote. Picha peke yake hawaitoi. Nikawaomba wafunge ukurasa ule mmoja tu, wakanijibu maneno yaleyale. Nikajaribu mara ya tatu, kwa mazoea ya kazi. Watu wale hawapunguzi.

Nikaenda Buguruni. Mama wa marehemu anakaa chumba cha uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumsoma?"

Nilidhani sijamwelewa. Kumbe binti wa mpangaji mwenzake humfungulia simu jioni na kumsomea alichoandika mwanawe, kipande kimoja kwa siku. Vikiisha wanaanza upya. Mpira haumhusu lakini anausikiliza, refa anamjua kwa ubaya wake. Kipande anachokipenda kuliko vyote aliomba nisomewe na mimi. Kilikuwa kilekile. Chini ya picha yetu, kijana aliandika kwamba alipokuwa mdogo, Buguruni mvua ikinyesha, mama yake alimfunga mguu kwa ncha ya khanga na ncha ya pili akajifunga mwenyewe kiunoni, ndivyo alivyopika na ndivyo alivyofua.

Nilimweleza kilichonileta. Nikaahidi kuchapisha blogu nzima kwenye karatasi, nzuri, zenye jalada. Alitikisa kichwa. Karatasi alishazikusanya za marehemu baba wa kijana, maji yakaingia ndani yakazichukua.

"Mimi picha siitazami, mwanangu. Macho yenyewe haya. Mimi nasikia anachosema," alisema. "Ukinifungia hapo, nitamsikia wapi?"

Cheti cha kifo kilikuwa chini ya godoro. Alinionyesha, akakirudisha.

Nilirudi kwa mama wa vitumbua na habari hizo. Aliuliza yule mwenzake alibaki na watoto wangapi. Nikasema alikuwa na huyo mmoja. Akageuza vitumbua vyote kikaangoni kabla ya kusema tena.

"Mpe pole yangu. Halafu mwambie na mimi nilifiwa."

Sijampelekea ujumbe huo. Nimezoea bidhaa ambayo mwenye nayo ana bei ya mwisho na mnunuzi ana yake, na katikati mna nafasi ya mtu kama mimi kula. Hapa nimetafuta katikati, sikuiona. Binti wa nywele anasema niwakutanishe, wafiwa wataelewana. Mwalimu anasema nikiwakutanisha, mmoja atatoka pale amefiwa mara ya pili, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka kwa miguu yake. Simu ya yule mtoto wa darasa la sita ina vocha. Wewe unayesoma, kama umekaa na wafiwa kuliko mimi, naomba uniambie: niende Buguruni tena, na nikienda, niende peke yangu?