Kufuli Lililobaki Mfukoni

Mpaka leo sielewi vizuri, na wale wanaojifanya wameelewa wananikera.

Mwenzangu aliungua bila kugusa kitu. Tulikuwa mafundi umeme wawili katika karakana moja hapa Kolwezi, yeye mkubwa, mimi mwanamke niliyekuwa mwanafunzi wake zamani. Siku hiyo umeme wa mji mzima ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Akafungua kabati kubwa la umeme ili akaze boliti za zile bapa nene za shaba zilizomo ndani. Alipomaliza alirudi nyuma kidogo kufuta jasho, spana akaiacha juu ya shaba. Mimi nilikuwa mlangoni, nimemletea tochi. Ndipo umeme wa mji ukarudi.

Mlipuko sikuusikia, ulinipiga tu kifuani. Chumba kikawa cheupe chote, na nakumbuka nilikasirika kwamba nakufa na njaa. Moshi ulipopungua, yeye alikuwa chini, uso na mikono imeungua, anarudia neno moja.

“Mi shikugusa kitu. Shikugusa kitu.”

Na kweli hakugusa. Mkuu wa usalama wa karakana alitueleza baadaye kwamba spana iliunganisha zile bapa, shaba ikageuka mvuke, hewa yenyewe ikapitisha umeme, na joto lake humchoma hata aliyesimama pembeni. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Lakini shaba ndiyo inayotulisha huku, tunaiona kwenye magunia kule machimboni Mutoshi na juu ya malori kila siku, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inaweza kuwa moshi ikamrukia mtu.

Nyumbani kwa mwenzangu ndugu zake walinisubiri uani. Aliyeuliza maswali alikuwa kaka yake mkubwa. Pembeni, juu ya kigoda, alikaa shangazi yao, tantine kama wanavyomwita, mama mzee kutoka Kasaji. Huyu alikuwa na kinyongo na mwenzangu. Dada yake huyo shangazi alikuwa amefariki kule Kasaji, mwenzangu akashindwa kumpeleka matangani kwa sababu ya kazi, naye akamwambia mbele ya watu wote: “Siku moja utanikumbuka.” Kwetu, mkubwa akisema hivyo kwa hasira, neno halipotei. Linabaki palepale nyumbani likisubiri jambo litokee.

“Alikamata nini?” kaka akaniuliza.

“Hakukamata kitu, tata,” nikamjibu kwa heshima.

“Sasa courant ilimufikia namna gani?” Umeme huku tunauita courant.

“Ilitoka mu shaba, ikapita mu hewa.”

“Mu hewa.” Akaitazama mbingu. “Sawa na radi?”

“Ee, tata. Njo vile. Sawa na radi.”

Macho yote yakamgeukia shangazi. Nilichelewa kutambua nilichofanya. Radi inayoingia ndani ya nyumba, inamchagua mtu mmoja na kumwacha aliye karibu naye, huku tunaiita radi ya kutumwa, na anayeituma ni mtu wa ukoo mwenye kinyongo. Nilikuwa nimewaeleza ukweli mtupu, neno kwa neno kama nilivyofundishwa, na ukweli huo ndio uliomfunga yule mama.

Kesho yake nilikuta godoro lake limetupwa karibu na geti. Kaka alikuwa ameenda kutafuta lori la kumrudisha Kasaji, na asionekane tena. Shangazi amekaa juu ya godoro, kitenge amejifunika mpaka kichwani.

“Mama,” akaniambia, “mi hata téléphone ninaogopaka kuichomeka. Ninaombaka batoto banichomekee.” Kisha akashusha sauti. “Lakini nilimusemea mubaya. Kinywa inaweza kufanya vile?”

Nikasema hapana, inaweza wapi! Nilisema kwa ukali, maana hasira ilinipanda, lakini hapana yangu ilikuwa nyepesi. Kama aliyeungua hakugusa kitu, mimi nilijua nini hasa?

Nikaenda hospitali. Mwenzangu alikuwa amefungwa bandeji macho na mikono, mke wake kando ya kitanda. Nikamweleza habari za shangazi. Akageuza kichwa kuelekea sauti yangu.

“Salopette yangu iko wapi?”

Mke wake aliniangalia. Nguo ile ya kazi ilikuwa kwenye mfuko chini ya kitanda.

“Angalia mu mufuko ya kuume.”

Nikatoa kufuli jekundu lenye picha yake, anacheka. Kila fundi kwetu ana lake. Kabla ya kufungua kabati unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako na kukaa na ufunguo, ili umeme ukirudi usipate njia. Yeye ndiye aliyenifundisha, tena kwa makelele.

“Courant ya muji yote ilienda,” akasema. “Nilijiambia, nifunge nini?”

“Bachef bakiona ile kadenas,” mke wake akasema, “batakufukuza kazi.”

“Baione,” akamjibu, kisha akaniambia mimi: “Peleka ku nyumba, mama, kaka aione. Mama yangu alipokufa, tantine njo alinilea.”

Wakubwa wa kazi waliliona kweli hilo kufuli, na kazi akaipoteza. Lakini mimi siku hiyo nilikwenda kwao kwanza, kaka amekwisha kupata lori. Nikamwekea kufuli mkononi, nikamweleza swichi na ufunguo. Aliligeuzageuza, akaitazama picha.

“Kama angefunga na hii, radi haingetoka?”

“Haingetoka, tata.”

“Ni fundi mukubwa. Anajua. Sasa nani alimufungia akili siku ile?”

Swali hilo hata mimi lilikuwa linanisumbua. Umeme ulikuwa umekatika tena, sebuleni giza mchana. Nikainua macho, nikaona balbu juu yetu, na swichi yake ukutani.

“Tata, courant ilipoenda, ile ampoule uliizima?”

“Hapana. Nikizima, tutajua namna gani kama courant imerudia?”

“Na hakuna mutu alikufungia akili, tata,” nikasema. Kaka alitazama balbu, akatazama kufuli, akakaa hivyo mpaka dereva wa lori akapiga honi nje. Kisha akatoka. Nilimfuata nikiwa sijui anakwenda kufanya nini. Alimpungia dereva mkono aende zake, akainama kushika godoro.

“Tantine, simama kidogo,” akasema. “Nirudishe hii ndani.”

Shangazi alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akampita.

“Rudisha,” akasema. “Mi ninaenda ku lopitalo. Ule mutoto hawezi kushika kijiko.”