Posa Mbele ya Samaki Mbichi

Mjukuu wangu aliniambia nivae vizuri, mama ya kijana wake anataka kuniona mjini Nakuru. Nikavaa suti ya kanisa, nikateremka kutoka Mau Narok na chai tupu tumboni, maana mtu akiitwa mambo ya posa huenda na nafasi ya kula.

Nafasi hiyo nilirudi nayo nyumbani.

Yeye na kijana wake walituchagulia mkahawa wa samaki mbichi. Sisemi mzaha. Wali baridi umekunjwa kwa jani jeusi, juu yake kipande cha samaki ambaye hajaonyeshwa moto. Wanaita sushi. Na watu wamepanga foleni mpaka nje! Vijana wazima, wanapiga chakula picha kwanza kama ni bibi harusi. Katikati kuna mkanda unaotembea kupita kila meza, umebeba visahani, na kila mtu anajichukulia. Hakuna anayekupakulia. Hakuna anayekuambia karibu.

"Kwa nini hapa?" nikamwuliza mjukuu.

"Shosho, hapa si kwetu na si kwao. Hakuna mtu atajiona mgeni."

Huyu nimemlea mwenyewe tangu mama yake aende Arabuni kufanya kazi. Sijui hiyo akili aliitoa wapi. Labda huko Kiamunyi anakoishi.

Mama ya kijana akaja na mwanawe. Mama mnene, mtulivu, mjane wa fundi wa reli, kwao ni kule magharibi karibu na ziwa. Tukasalimiana vizuri, tukauliza habari za mvua, tukaketi.

Kwetu, watu wakija kuposa, upande wa msichana hautii kitu mdomoni mpaka wageni waseme kilichowaleta. Ukila kabla, umekubali jambo ambalo hujaambiwa. Basi nikaweka mikono juu ya mkoba wangu nikangoja. Mama naye akaweka yake juu ya wake. Visahani vikapita. Kuna samaki mmoja mwekundu alipita mara nyingi mpaka nikawa namjua sura.

Mjukuu akaniinamia sikioni. "Shosho, kula basi. Anangoja wewe."

"Mimi ndiye namngoja. Aseme kilichomleta."

"Si sote tunajua kilichomleta!"

"Kujua si kuambiwa."

Upande wa pili kijana naye alikuwa anamnong'oneza mama yake. Mama hakujua kunong'ona. "Nifungue mdomo juu ya mtoto wa watu kabla sijalishwa?" akamwambia. "Unataka waseme nimekuja sokoni?"

Hapo ndipo nilielewa, na hasira ikanipanda zaidi. Kwao mgeni hula kwanza ndipo aseme. Kwetu husema kwanza ndipo tule. Na hawa watoto wawili wamesoma mpaka chuo, wamependana miaka, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kutuuliza!

Nikageuka nimwambie mjukuu, nikakuta macho yamemjaa machozi.

"Kama humtaki kwa sababu si wa kwetu, sema tu," akasema. "Usijifiche nyuma ya chakula."

Meza ya jirani ikageuka kutusikiliza.

"Nimkatae? Sijaulizwa ndio nimkatae!"

Dada anayehudumu akakimbia kwetu. "Mathe, kuna shida? Hamjagusa kitu."

"Mwenyeji wa hapa ni nani?" nikamwuliza.

"Meneja ametoka kidogo."

Mama ya kijana akamtazama yule samaki mwekundu akipita tena. "Mimi samaki nimemla tangu niote meno," akasema, "na sijawahi kuona akiletwa uchi mbele ya wakwe."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na yeye akacheka mpaka meza ikatingishika. Mjukuu hakucheka. Kijana alikuwa anatazama meza kama anasomewa hukumu.

Nikasimama. "Mama, hapa hakuna wa kukulisha. Njoo kwangu Mau Narok. Nitakupikia, utakula ushibe, halafu utasema."

Akafikiria. "Na wewe utakuwa unanitazama nikila?"

"Nitakuwa nakupakulia. Chakula changu kitakaa jikoni, jikoni si mbele yako. Ukimaliza kusema, nitakileta nile ukiniona."

"Hiyo naweza," akasema. "Jumamosi?"

"Jumamosi tunazika jirani. Ile inayofuata."

"Nije na samaki?"

"Njoo naye. Lakini awe ameiva mpaka amesahau ziwa."

Akachukua mkoba wake, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, tukatoka tukipita ile foleni ya watu wenye haraka ya kwenda kula kitu kibichi. Kijana alibaki nyuma akiomba radhi kwa dada wa mkahawa.

Pale mlangoni mjukuu akanivuta mkono. Wanja ulikuwa umemshuka mpaka shavuni.

"Shosho, sasa hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"

Nikamtazama. Nimemwita mama ya watu apande mlima wote ule nimpikie kwa mikono yangu, na mtoto ananiuliza hiyo ni nini.

"Pangusa uso," nikamwambia. "Na umwambie kijana wako, mama yake avae sweta nzito. Kwetu kuna baridi."