Nilisikia Mluzi, Nikasema Sikusikia

Mimi ndiye niliyempofusha mume wa dada yangu. Ukoo mzima unajua na walishanisamehe. Lakini walichonisamehe sicho nilichokifanya, na ndiyo maana leo naandika.

Majina nimebadili. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Guangzhou, China. Siku hizo Watanzania tuliokuwa tunafuata mali kule tulikuwa wachache, ukikutana na mwenzako barabarani mnakumbatiana hata kama hamjuani. Mimi na shemeji yangu, nimwite Chande, tulikuwa tunanunua mashati na suruali kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian, karibu na stesheni ya treni. Chande alikuwa fundi cherehani. Aligeuza shati ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akakwambia hili litafumuka kabla halijafika Kariakoo. Na Kichina alikishika haraka. Mimi nilijua maneno ya sokoni tu: laoban, yaani bosi, na mei you, yaani hakuna.

Laoban mmoja mwenye kiwanda cha mashati alitualika chakula cha mchana. Akasimulia kwamba kwao, milimani kaskazini mwa jiji, kuna kulungu wadogo, hawazidi mbuzi, wanabweka kama mbwa, na msimu wa mvua hushuka kula viazi mashambani. Mdomo ukaniwasha.

"Mwambie babu yangu kule Songea alikuwa mwindaji," nikamwambia Chande. "Mwambie mimi mwenyewe nimeangusha kulungu hata idadi siikumbuki."

Chande aliacha kula, akanitazama. "Hilo nalo nimtafsirie?"

"Tafsiri."

Babu aliwinda kweli. Mimi nilikuwa mbeba nyama. Katika maisha yangu nilikuwa nimeua kanga mmoja, naye alikuwa ametulia tuli.

Laoban alipiga meza kwa furaha. Wiki iliyofuata akatupakia kwenye gari lake mpaka kwao. Mvua ilikuwa haijakatika siku tatu. Mjomba wake, mzee mkavu asiye na maneno mengi, akatoa magobole mawili chini ya rundo la kuni. Aliyaficha kwa sababu serikali yao ilishapiga marufuku bunduki za watu binafsi. Moja akachukua yeye, moja akanipa mimi, mwindaji kutoka Afrika. Akalifunga mfuko wa nailoni ili baruti isilowane.

Alitoa sharti moja tu. Tukishakaa sehemu zetu, hakuna kunyanyuka kabla ya kupiga mluzi mara mbili. Chande akanitafsiria, kisha akarudia kwa nafsi yake.

"Mluzi mara mbili, shemeji. Ukiusikia, shusha bunduki. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bwana. Mimi si mtoto."

Tulipanda taratibu. Mvua ilitusaidia, maana majani yaliyolowa hayalii mguuni. Mzee akatuonyesha nyayo kwenye matope, ncha mbili ndogo, maji bado hayajazijaza. Kulungu alikuwa karibu. Mzee akaniweka nyuma ya kichaka cha mianzi, yeye na Chande wakapanda juu zaidi, laoban akabaki chini akiwa amejikunyata na mwavuli wake.

Nilikaa pale saa tatu. Maji yaliingia shingoni yakatokea kwenye viatu. Kulungu alibweka mara moja, mbali, akanyamaza. Baridi haikunisumbua kama mawazo yangu. Nilikuwa namwona laoban tukirudi sokoni, anawasimulia wenzake jinsi mwindaji wa Kiafrika alivyorudi mikono mitupu. Nilimtaka yule mnyama kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Ndipo nikasikia mluzi. Mara mbili, mfupi mfupi, kutoka upande wa juu.

Hapa ndipo ungamo langu lilipo. Niliusikia vizuri. Mvua ilikuwa imepungua kidogo na sauti ilikuja safi. Nikajiambia ni ndege. Nilijua si ndege, lakini nilijiambia hivyo, kwa sababu muda uleule majani ya magugu yalitikisika mbele yangu na nikaona kitu cha kahawia kinasogea. Nikafyatua.

Kilicholia hakikuwa mnyama.

Chande alikuwa anatetemeka kwa baridi, mzee akamwonea huruma na kumvisha koti lake la mvua, lile la wakulima wa kule, limefumwa kwa nyuzi za kahawia kama makumbi ya nazi. Kisha akamtuma aje kuniambia tuahirishe, mvua imetushinda. Chande akapiga mluzi kama alivyoagizwa, akashuka. Marisau, zile risasi ndogondogo za gobole langu, yakamwingia usoni.

Tulimbeba kwenye matope, tukianguka na kuinuka naye. Garini alilala kichwa mapajani mwangu, kitambaa machoni, anasoma dua kwa sauti ndogo. Mzee akanishika bega. Kwa kuwa hatukuwa na lugha, akaweka vidole viwili mdomoni, akamwonyesha Chande, akanyanyua nyusi. Alikuwa anauliza: alipiga mluzi? Huko juu mzee alikuwa anakohoa, hakuwa na hakika alichosikia.

Nikatikisa kichwa. "Mei you," nikasema.

Chande aliacha kusoma dua. Kichina alikijua.

Jicho la kushoto madaktari walilitoa. La kulia likabaki na ukungu, na mwaka haukuisha ukungu ukageuka giza. Siku ya tatu hospitalini aliniuliza, "Shemeji, hivi kweli sikupiga? Mbona kama nakumbuka nimepiga?"

"Ulisahau," nikamjibu. "Mvua ilikuwa kubwa, ulikuwa na baridi. Mtu yeyote angesahau."

Nilimjibu kwa upole, tena nikamshika mkono.

Tuliporudi Dar, niliwasimulia hivyohivyo. Mama akalia, akasema ni ajali. Dada yangu, nimwite Mwanaidi, alinikumbatia na kunipa pole mimi. Akaanza kukaanga vitumbua vya kuuza, kwa sababu fundi asiyeona mshono hana kazi. Na kila alipochoka, hasira zake zilikwenda kwa mumewe.

"Mluzi tu, Chande," atasema, mimi nimeketi palepale nakula chakula chake. "Mluzi mara mbili tu, ulikushinda nini?"

Chande ataitika, "Nilikosea, mke wangu. Nimeshasema nilikosea."

Mimi nitateremsha tonge na maji. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka jana niliugua nikadhani siponi. Nilipopata nafuu nikaenda kwao, nikamkuta Chande peke yake sebuleni. Nikamwambia, "Shemeji, siku ile ulipiga. Nilisikia."

Akajiweka sawa kitini. Kisha akaita, "Mwanaidi, hebu njoo. Kaka yako ana neno."

Dada akaja, mikono ina unga. "Ehe, kaka?"

Nikamtazama. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Nilitaka kuaga tu."

Chande akageuza uso ukutani. Nilisubiri amwambie mwenyewe, hakumwambia. Mpaka leo hajamwambia, na nikienda pale hanisemeshi. Dada anamgombeza kwa hilo pia, anamwambia kaka yangu amekukosea nini?

Dada yangu humsomea mumewe gazeti kila Jumapili, na ukurasa huu hauruki. Kwa hiyo mdomo ulionishinda pale sebuleni nautumia hapa. Dada, mumeo hakusahau kitu. Alifanya alichoagizwa. Aliyemfanya mumeo kipofu ni majivuno yangu, na nikamfanya ajilaumu ili mimi nilale.

Nyie wengine, msinionee huruma. Ukimuumiza mtu, sema ukweli siku ileile, damu haijakauka, hata kama watakupiga. Mimi niliona uongo wangu ni mdogo, kutikisa kichwa tu. Nimemwona mwenye haki akiomba radhi mbele yangu mwaka baada ya mwaka, na nimemwacha aombe.