Opereta Aliyesema Haijibu

Kitabu cha historia cha shule kina mstari mmoja tu juu ya asubuhi ile: mawasiliano ya waasi yalikatwa. Basi. Yalikatwa, kama vile ni kucha! Aliyeyakata hatajwi, kwa sababu mwandishi wa kitabu hakuwahi kupanda ngazi za nyuma za jengo la posta mpaka ghorofa ya pili. Mimi nimezipanda mpaka magoti yakaniomba talaka. Aliyeyakata ni dada yangu, tumbo moja, yeye wa kwanza mimi wa mwisho. Na mwasi aliyekuwa upande wa pili wa waya ni mimi hapa. Kwa hiyo kaeni vizuri. Shule niliishia la sita, tena la sita lenyewe nililionja tu, lakini hili nalijua kuliko profesa yeyote mwenye miwani.

Dada alikuwa opereta wa simu. Siku hizo hukupiga namba mwenyewe. Uliinua mkono wa simu, taa ndogo ikawaka kwenye ubao wake wenye matundu mia, yeye akachomeka waya na kukuuliza, "Namba tafadhali." Ukishaitaja, alichukua waya wa pili akauchomeka kwenye tundu la unayemtaka, na huko kengele ikalia. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita, mpaka kile chuma cha kichwani chenye kisikilizio kikamlaza sikio la kushoto likawa bapa kama bahasha. Sauti za mji mzima alizijua. Daktari akipiga, alijua kama ameamka vizuri au ameamkia chupa. Mume wa mtu akijifanya na sauti nene ili ampigie asiyemhusu, dada alimuunganisha huku akikohoa kidogo, ajue amejulikana.

Mimi nilikuwa askari, karani wa simu wa kambi ya kwanza, na mchekeshaji wa bweni. Hakuna sauti iliyonishinda kuiga. Nilimwiga koplo siku moja mpaka askari wapya wanane wakasimama wima mbele ya choo kitupu. Lakini niliyempatia hasa ni mpiga tarumbeta, jirani yangu wa kitanda. Pua yake ilivunjwa na mpira, maneno yakawa yanamtokea puani na kuvuta mkia. Nilipomwiga, mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, ameshika mbavu.

Sasa asubuhi ile. Tulichoka kuchapwa viboko na maofisa, tukawafungia ghalani, tukafunga lango. Kilichobaki ni kambi ya pili ituunge mkono. Bila wao tumekwisha. Saa kumi na mbili na dakika kumi nikainua simu.

"Namba tafadhali."

"Nipe kambi ya pili, upesi."

Alinijua kabla sijafika neno la pili. Kengele ilipoanza kulia huko, nikawageukia wenzangu, simu ikiwa bado mdomoni, nikajitapa: "Wakishika tu, nawaambia wafunge lango na wawakamate wakubwa wao!" Nami na akili zangu! Dada alisikia kila neno. Akachomoa waya.

"Kambi ya pili haijibu," akaniambia.

Nikapiga tena. "Haijibu." Mara ya tatu nikamtukana matusi ya kambini. "Haijibu, afande," akasema, kama anamhudumia mtu asiyemjua.

Hesabu yake ilikuwa hivi: wenzetu wasipoungana nasi, mchezo utaisha mapema, nami nitachapwa kidogo nirudi nyumbani. Mchezo uliisha mapema kweli. Kabla ya saa sita mchana kambi ya pili ilikuja na magari ya deraya, tukalala kifudifudi uwanjani, mikono kisogoni. Serikali ikapona. Medali akapewa msimamizi wa dada, mama mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa anapaka kucha rangi. Ndiye aliyepeleka kwa wakubwa zile karatasi tatu za dada, maana kila simu iliandikwa: saa, nani anapiga, anampigia nani.

Karatasi hizo ndizo zilizoleta balaa. Luteni wa uchunguzi alimleta dada kambini. Aliyepiga mara tatu ndiye kiongozi, alisema, na opereta ndiye aliyemsikia. Wakatundika shuka katikati ya chumba cha mafunzo. Dada upande ule, upande huu sisi saba tuliokutwa karibu na chumba cha simu. Kila mmoja aseme, "Nipe kambi ya pili, upesi."

"Bibie, usipomtaja nawapiga risasi wote saba," luteni alisema, na sisi tunamsikia. "Ukimtaja, sita wanarudi kwao."

Wa kwanza akasema. Wa pili akasema. Wa tatu akababaika, akasema, "Nipe kambi ya upesi." Mimi nilikuwa wa nne. Sikumtakia mtu ubaya, nilitaka kujificha tu, kama mtu anavyochukua koti la karibu na mlango mvua inaponyesha. Koti nililolichukua lilikuwa la jirani yangu.

"Nipe kambi ya piliii, upesiii," nikasema, kwa sauti ya puani.

Mpiga tarumbeta alikuwa wa sita. Aligeuza shingo, akanitazama, akatabasamu. Alidhani nafanya mzaha ili kumtoa hofu. Zamu yake ilipofika alisema kwa sauti yake mwenyewe, bado ana kicheko puani.

Nyuma ya shuka nikasikia kiti kikilia.

"Namba sita," dada akasema.

"Una hakika?"

"Nimesema namba sita."

Walimpiga risasi kwenye uwanja wa shabaha. Kwao hawakuambiwa kitu. Sisi sita tulivuliwa magwanda tukafukuzwa, nami nikaenda mbio kwa dada, mikono wazi.

"Umeniokoa, dada yangu!"

"Usinishike," akasema. "Ungeongea kwa sauti yako, ningetafuta la kusema. Wewe ulinitajia mtu. Mimi nimekuunganisha tu."

Nikajifanya hamnazo. Nikapata kazi ya kushona viti vya magari, nikaoa, nikanenepa. Yeye alirudi kwenye ubao wake. Na kila Jumanne, saa nne asubuhi, taa ya duka moja la dawa iliwaka.

"Namba tafadhali."

"Mwanangu, nipe kambi ya kwanza. Nina kijana wangu pale, anapiga tarumbeta."

Dada alimuunganisha. Kambini walimjibu kwamba hayupo, wakakata. Jumanne kumi na moja.

Jumanne ya kumi na mbili dada alinitumia mtu. Nikapanda zile ngazi, akanikalisha kwenye kiti chake, akanivika chuma chake kichwani. Taa ikawaka.

"Ongea naye."

"Niseme nini?"

"Siku ile hukuniuliza."

"Mamaaa," nikasema kwa sauti ya puani, "ni mimi. Nimefungwa mbali, kuandika siruhusiwi."

Sauti ya yule mama: "Pua inakusumbua na baridi hii?"

"Kidogo, mama."

"Jumanne ijayo utakuwepo?"

Nikamtazama dada. Akatikisa kichwa kukubali. "Nitakuwepo, mama."

Siku hiyo niliteremka ngazi kifua mbele, nieleweni. Mama mzima nimemlaghai, na kwa nilivyomsikia, nilimpa furaha! Nilienda kila wiki. Nilibuni gereza, nikabuni mlinzi mkali, nikabuni mpaka paka wa gereza. Ilipotimia Jumanne ya arobaini, akanikatiza kwenye habari za paka.

"Mwanangu hajawahi kuniita mama," akasema, taratibu tu. "Nilimzaa nikiwa bado mdogo, akalelewa na mama yangu. Mimi aliniita dada, tangu ajue kuongea mpaka anaingia jeshini. Nilikujua toka neno lako la kwanza."

Nikaongea kwa sauti yangu, hii hii. "Samahani, mama. Mimi nili—"

"Toa sauti hiyo! Wewe nani amekuuliza? Ulipoipata yake sitaki kujua. Irudishe."

Nilimgeukia dada, nikamwashiria kwa mkono auchomoe waya. Alikuwa kasimama kando yangu na alisikia yote, maana spika za simu zile zilipiga kelele. Hakugusa kitu.

"Nasubiri," mama yule akasema.

"Hujambo, dadaaa," nikasema.

"Sijambo, mdogo wangu. Umekula?"

Alikuwa na afya ya chuma. Aliishi miaka tisa mingine, na hakukosa Jumanne hata moja.